Biashara ya haki na afya ya wanawake kazini: pesa ya lebo inamfikiaje mama anayechuma?

#1 Shangazi_Rehema (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Ikitajwa biashara ya haki, picha inayowekwa mara nyingi ni ya zahanati mpya na kinamama wamekaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Zahanati ni jambo jema. Ila maradhi ya mama anayechuma chai, anayepanga maua au anayeosha ndizi yanaanzia kwenye namna anavyolipwa na saa anazopewa. Anayelipwa kwa kilo anajizuia kunywa maji, kwa sababu akinywa atahitaji choo, choo kiko mbali, na kilo zinapotea. Hapo ndipo yanapotoka maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, kichwa kuuma na figo kuzidiwa. Zahanati itampa vidonge leo, na kesho atarudi kwenye mpangilio uleule.

Kwanza tuelewane pesa inavyotembea. Katika mfumo wa Fairtrade International, shirika linaloweka viwango vya biashara ya haki na lebo yake, mazao mengi yana bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake, na juu ya bei kuna premiamu, yaani nyongeza inayolipwa kando. Kwa ndizi premiamu ni dola 1 ya Marekani kwa kila boksi la kilo 18.14. Kwa maua ni asilimia 10 ya bei ya FOB, yaani bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa kusafirishwa nje. Kwenye shamba kubwa lenye waajiriwa, hiyo ni pesa ya wafanyakazi, kampuni haina haki nayo. Inakaa kwenye akaunti yake peke yake, inasimamiwa na kamati waliyoichagua wenyewe, na mpango wa matumizi unapitishwa kwenye mkutano wao mkuu. Watu wa menejimenti wanakaa kwenye kamati kama washauri, hawapigi kura.

Kuna kanuni moja naomba kila mjumbe wa kamati aishike: premiamu hairuhusiwi kulipia kitu ambacho sheria inamtaka mwajiri akilipie. Glovu, barakoa, buti, maji ya kunywa, vyoo vya kazini, vipimo vya wapulizaji dawa, vyote hivyo ni mzigo wa mwajiri. Kamati ikianza kununua glovu, mwajiri ameokoa pesa, na wanawake wamelipia usalama wao kwa pesa yao wenyewe.

Karibuni wenye ujuzi wa dawa, uzazi, hesabu na ukaguzi. Tujaze uzi.

#2 Kibarua_Mwerevu

Shikamoo Shangazi. Naomba kuelewa: shamba likishapata cheti cha Fairtrade, si mazao yote yanalipiwa premiamu?

#3 Mhasibu_wa_Kamati

Hapana mkuu, na hapa ndipo mipango mingi ya afya inapofia. Premiamu inalipwa kwa kile kilichouzwa chini ya lebo tu. Tuseme shamba limevuna maboksi 100,000 ya ndizi, lakini wanunuzi wa lebo wamechukua 20,000. Premiamu ni dola 20,000, sahau laki. Maboksi 80,000 yaliyobaki yamelimwa na wanawake walewale kwa kanuni zilezile, na hayakuleta nyongeza hata senti.

Kwa hiyo kamati isipange huduma ya kudumu kwa kutumia mwaka mzuri. Mishahara ya wauguzi na dawa za kila mwezi ndiyo hatari zaidi. Mauzo ya lebo yakishuka, jengo linabaki na muuguzi anaondoka. Njia salama ni kuchukua mauzo ya lebo ya miaka mitatu, kupanga huduma za kudumu kwa mwaka ule uliokuwa mbaya kuliko yote, na kinachozidi kukielekeza kwenye mambo ya mara moja: chumba cha kunyonyeshea, mashine ya kupima damu, mafunzo.

Mwenye zahanati ya umma karibu asijenge nyingine. Alipie usafiri, bima ya afya na muda wa ruhusa. Majengo yanapendwa kwa sababu yanaonekana kwenye picha, kama Shangazi alivyosema.

#4 Nesi_wa_Zamu

Shikamoo Shangazi, na salamu kwa wote. Mimi niende kwenye viuatilifu.

Wengi wanafikiri hatari ni ya yule anayebeba bomba mgongoni, ambaye kwa kawaida ni mwanamume. Wanawake wanapata sumu kwa njia ya polepole. Anaingia kwenye kitalu nyumba asubuhi majani yakiwa bado na unyevu, anakata maua, anayakumbatia kifuani na tumboni, anayapeleka kupangwa. Sumu nyingi za kilimo huingia mwilini kupitia ngozi, na ngozi yenye jasho au michubuko ya miiba hupitisha zaidi. Nguo ikilowa inafanya kazi ya bandeji iliyochovywa dawa, inakaa mwilini kwa muda wa saa nane.

Kinachomlinda ni muda wa kutoingia shambani baada ya kupuliza. Muda huo umeandikwa kwenye lebo ya dawa. Kanuni za Marekani za kulinda wafanyakazi wa kilimo zinatoa kipimo kizuri pale lebo isiposema wazi: saa 48 kwa dawa za daraja la sumu kali zaidi, saa 24 kwa daraja la pili, saa 12 kwa zilizobaki. Kinachoharibika ni ratiba. Oda ya maua inakuja ghafla, msimamizi anahesabu saa tangu upulizaji ulipoanza badala ya ulipoisha, au ubao wa tahadhari unatolewa mapema. Dawa yake: ubao uandikwe jina la dawa, saa upulizaji ulipoisha na saa ya kuruhusiwa kuingia. Autoe aliyeuweka, na asiwe mtu anayelipwa kwa wingi wa maua yaliyokatwa.

Wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kabisa kushika kazi ya dawa chini ya viwango vya Fairtrade. Kanuni ni nzuri, ila ina mtego. Mama akihamishwa kutoka kazi ya dawa kwenda kazi nyepesi na mshahara ukashuka, ataficha mimba mpaka mwezi wa tano au wa sita, na wiki za mwanzo ambazo viungo vya mtoto vinaumbwa zitakuwa zimepita kwenye dawa. Kumhamisha kunalinda mimba pale tu malipo yake yanapobaki yaleyale. Waandike hivyo kwenye mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi, neno kwa neno.

#5 Kapu_la_Chai

Nesi, asante sana. Kipimo cha damu cha wanaoshika dawa kinafanywaje? Nasikia wengine wanapimwa mara moja kwa mwaka na kuambiwa wako sawa.

#6 Nesi_wa_Zamu

Kipimo hicho ni cha kolinesterasi, kimeng'enya kinachosaidia neva kufanya kazi, na kinafaa kwa dawa za wadudu za kundi la oganofosfati na kabamati tu. Mtu akiwa anashughulika na mankozebu, ambayo ni dawa ya kuua kuvu, kipimo hiki hakitaonyesha kitu, ingawa mankozebu ikivunjika hutoa kemikali inayovuruga tezi ya shingo, jambo zito kwa mjamzito.

Kupima mara moja hakusaidii, kwa sababu kiwango cha kawaida kinatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Unahitaji kipimo cha msingi, kichukuliwe mhusika akiwa hajagusa dawa hizo kwa siku 30 hivi. Vipimo vya baadaye vinalinganishwa na kile chake mwenyewe. Kwa taratibu za jimbo la California, Marekani, kikishuka chini ya asilimia 80 ya msingi, mazingira ya kazi yanachunguzwa. Kikifika asilimia 70 kwa seli nyekundu, au 60 kwa plazima (majimaji ya damu), mtu anatolewa kwenye dawa, na harudi mpaka apande tena hadi asilimia 80.

Kwa wanawake kuna jambo ambalo mara nyingi linasahaulika: kolinesterasi ya plazima hushuka yenyewe wakati wa ujauzito, na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuishusha pia. Mpimaji asiyejua hilo anaweza kusema mama ana sumu wakati hana. Au, na hii ni mbaya zaidi, kipimo cha msingi kikachukuliwa akiwa mjamzito, kikawa chini, na miaka yote inayofuata sumu ya kweli isionekane. Ombeni kipimo cha seli nyekundu.

#7 Mpanga_Maua

Tuongeze vifaa kinga, maana hapo kuna maneno mengi na vitendo vichache.

Glovu za pamba na za ngozi hazifai kwa dawa, zinainyonya na kuishikilia. Zinazotakiwa ni za naitrili (aina ya mpira), zenye mkono mrefu, za saizi ya mvaaji. Shamba likinunua saizi moja kubwa, vidole vinacheza ndani, mama hawezi kushika mkasi vizuri, anazivua. Usimkemee, mletee saizi yake. Barakoa yenye chujio vilevile: uso mdogo kwenye barakoa kubwa unaacha mwanya pembeni ya pua na kidevu. Aijaribu hivi: azibe chujio kwa viganja, avute pumzi. Barakoa ikijivuta usoni na kubaki hivyo, imekaa. Akisikia hewa pembeni, hana kinga. Machujio ya mkaa yahifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa vizuri, kwa sababu mkaa unaendelea kunyonya hewa chafu hata ukining'inia ukutani.

Anayepuliza kuelekea juu aingize mikono ya ovaroli ndani ya glovu na kukunja ukingo wa glovu, ili matone yasitelemke mkononi. Anayepuliza kuelekea chini, ovaroli ikae juu ya glovu.

Na nguo zifuliwe kazini. Zikienda nyumbani zinafuliwa na mwanamke au binti yake, kwenye beseni linaloosha nepi. Kufua nguo za kazi zenye dawa ni kazi, ilipiwe kama kazi.

#8 Ndoo_ya_Maji

Mimi narudi kwenye hoja ya Shangazi ya kilo na choo, kwa sababu ina hesabu yake.

Ushauri wa wataalamu wa afya kazini kwa kazi ya juani ni kikombe cha takriban mililita 240 kila dakika 15 hadi 20. Hiyo ni robo tatu ya lita hadi karibu lita nzima kwa saa. Maji yakiwa kwenye tangi moja mwisho wa shamba hayanyweki kwa kiwango hicho. Yafuate wachumaji, kwenye madumu yenye bomba na kivuli, na kila mtu kikombe chake. Vyoo: kanuni za Marekani za usafi shambani zinataka choo kimoja na sehemu moja ya kunawia kwa kila watu 20, ndani ya robo maili, yaani kama mita 400. Mimi naona mita 400 bado ni mbali kwa mjamzito kwenye mteremko, lakini ni mahali pa kuanzia kudai. Choo kiwe na komeo la ndani, maji, sabuni, na ndoo yenye mfuniko ya kutupia pedi. Kikikosa ndoo, pedi zinazibisha choo, kinafungwa, na wote wanarudi vichakani.

Sasa malipo. Mapumziko ya mtu wa kipande, yaani anayelipwa kwa kiasi alichochuma, lazima yalipwe kando, la sivyo hayapo. California imeweka hilo kwenye sheria tangu 2016, na hesabu yake inaweza kutumika popote. Tuseme siku ya saa 8 ina mapumziko mawili ya dakika 15, kwa hiyo kazi halisi ni saa 7.5. Mchumaji akipata 60 kwa kipande siku hiyo, gawa 60 kwa 7.5, unapata 8 kwa saa. Nusu saa ya mapumziko ni 4. Analipwa 64. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachomfanya aketi chini, anywe maji, aende chooni. Mkiweza kudai kitu kimoja tu mwaka huu, dai hilo.

#9 Fundi_Mashaka

Samahani wakuu, mimi nina shaka. Mwaka 2014 watafiti wa SOAS, Chuo Kikuu cha London, walitoa matokeo ya utafiti wao wa Ethiopia na Uganda. Vibarua kwenye maeneo ya wakulima wadogo wenye cheti hawakuwa na hali bora kuliko wa maeneo mengine, na mara nyingi walilipwa pungufu. Kuna ushirika wa chai ambako vyoo vya kisasa vilivyojengwa kwa premiamu vilitumiwa na mabosi wa ushirika tu. Mnalijibu vipi hilo?

#10 Shangazi_Rehema

Ndugu yangu, shaka yako ni halali na naomba isizimwe humu.

Cheti cha wakulima wadogo kinamhusu mkulima mwanachama. Kibarua anayemchumia mkulima huyo hana kura kwenye mkutano wa ushirika, na mara nyingi hayumo hata kwenye daftari. Wengi wao ni wanawake, wajane, wasio na ardhi. Premiamu inagawiwa na wanachama, na wanachama wanajigawia. Hapo sioni cha kutetea.

Kinachoweza kufanyika ni ushirika kuandika kwenye kanuni zake kwamba huduma yoyote ya afya iliyolipiwa na premiamu inatolewa kwa kila anayefanya kazi kwenye mashamba ya wanachama, akiwemo kibarua wa siku. Kisha kuwe na daftari la vibarua la kila msimu: jina, siku alizofanya kazi, malipo. Bila daftari, mkaguzi anahoji wale walioletwa mbele yake. Mkaguzi mzuri atachukua majina kwenye vitabu vya mizani badala ya orodha ya ofisi, na atawahoji wanawake mbali na msimamizi, mhojaji akiwa mwanamke.

Hata miongoni mwa wanachama, uanachama ukifuata hati ya ardhi, mume ndiye anayepokea pesa ya kahawa iliyochumwa na mke. Ushirika unaweza kuandikisha wanachama wawili kwa shamba moja na kumlipa kila mmoja kwa mzigo aliouleta kwa jina lake.

#11 Sindano_na_Uzi

Vipi viwanda vya nguo? Fulana ina lebo ya pamba ya Fairtrade, je, mshonaji naye analindwa?

#12 Mhasibu_wa_Kamati

La. Lebo ya pamba inamhusu mkulima wa pamba. Kiwango cha Fairtrade cha viwanda vya nguo kilikuja 2016, na ni kingine. Jengo la Rana Plaza, Bangladesh, lilipoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, wengi wao wanawake washonaji, wengi walijifunza kwamba fulana hupitia mikono mingi, kuanzia shamba la pamba hadi kiwandani. Anayenunua asome lebo inasema pamba au inasema nguo.

#13 Mkunga_Msaidizi

Hamjambo wote. Uzazi ugusweni kwa undani kidogo.

Mkataba namba 183 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa mwaka 2000 unatoa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, ambamo wiki 6 ni za lazima baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya kipato cha awali. Mapumziko ya kunyonyesha yanahesabiwa kama muda wa kazi na yanalipwa. Pia unakataza kumpima mwanamke mimba wakati wa kuajiri, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria imezizuia kwa wajawazito. Kwa mtu wa kipande, ulizeni "kipato cha awali" kinahesabiwaje. Wakichukua miezi miwili ya mwisho ya ujauzito, ambayo alichuma kidogo kwa uzito wa tumbo, amepunjwa. Itakiwe wastani wa miezi 12.

Chumba cha kunyonyeshea kiwe karibu na kazi, na kabla ya kushika mtoto mama avue aproni, anawe mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni, abadili blauzi. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa hadi saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba na hadi siku 4 kwenye friji. Hiyo friji isiwe ile ya sampuli za maabara au ya dawa za shamba. Inatokea.

#14 Kapu_la_Chai

Mkunga, na saratani ya mlango wa kizazi? Kamati nyingi zinataka kufanya kampeni ya siku moja.

#15 Mkunga_Msaidizi

Siku moja inafaa kupima tu. Swali ni nani anatibu. WHO (Shirika la Afya Duniani) inashauri kupima kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hiyo, kila baada ya miaka 5 hadi 10 kuanzia umri wa miaka 30, na kwa wanaoishi na VVU kila miaka 3 hadi 5 kuanzia miaka 25. Uzuri wa kipimo cha HPV ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, faraghani, bila kulala kitandani mbele ya mtu. Anayeona haya kwenye zahanati ya shamba anakubali njia hii kwa urahisi zaidi. Pasipokuwa na maabara, kuna kipimo cha kupaka siki ya asilimia 3 hadi 5 na kusubiri dakika moja kuona kama sehemu imegeuka nyeupe. Anayefaa anaweza kutibiwa hapohapo kwa joto, na tiba yenyewe haizidi dakika chache.

Kinachoharibu kampeni ni majibu kupotea. Wanawake wanapimwa, msimu unaisha, vibarua wanaondoka, majibu yanakuja hakuna mtu. Kabla ya kulipia kijiti cha kwanza, kamati iwe na barua ya hospitali inayokubali rufaa, pesa ya nauli na matibabu ya watakaokutwa na tatizo, na namba ya simu ambayo kila mama ameichagua mwenyewe. Wengine hawataki majibu yapigwe kwa simu ya mume. Na daftari la majibu lisiingie ofisi ya utumishi kwa sababu yoyote ile.

#16 Mpanga_Maua

Naongeza la unyanyasaji wa kingono, kwa sababu nalo ni suala la afya. Linakaa kwenye mizani. Mtu mmoja akiwa ndiye anayepima kilo, anayeandika, anayegawa mistari mizuri ya kuchuma na anayeita vibarua kesho, ana mamlaka ya kudai chochote. Mkataba namba 190 wa ILO, ulioanza kutumika Juni 2021, unazungumzia unyanyasaji kazini, njiani kwenda kazini na kwenye makazi yanayotolewa na mwajiri. Shambani maana yake ni hii: anayepima na anayeandika wawe watu wawili, mchumaji apewe karatasi yake ya kilo palepale, zamu zipangwe kwa orodha iliyobandikwa wazi, na kamati ya jinsia iwe na uwezo wa kumsimamisha msimamizi uchunguzi ukiendelea. Sanduku la malalamiko lililowekwa mbele ya dirisha la ofisi litabaki tupu, na ripoti itasema hakuna malalamiko.

#17 Kibarua_Mwerevu

Nimejifunza mengi. Sasa mimi kama mjumbe mpya, mkutano mkuu unakuja na menejimenti imeleta pendekezo la zahanati. Nianzie wapi?

#18 Mhasibu_wa_Kamati

Omba karatasi tatu kabla ya mkutano: mauzo ya lebo ya miaka mitatu, taarifa ya benki ya akaunti ya premiamu, na orodha ya gharama ambazo sheria inamtaka mwajiri azilipe. Linganisha pendekezo na orodha hiyo ya tatu. Kama ndani ya zahanati kuna chumba cha huduma ya kwanza na vipimo vya wapulizaji dawa, hivyo vitolewe kwenye bajeti yenu virudi kwake.

Kisha kaeni na wanawake peke yao, kwa makundi ya kazi: wachumaji, wapangaji, wafuaji, wa msimu. Waulize saa ngapi wanaweza kufika zahanati bila kukatwa pesa. Wakijibu hakuna saa hiyo, rudisha pendekezo, na ombeni kwanza saa mbili za ruhusa yenye malipo kila mwezi kwa kila mfanyakazi, iandikwe kwenye mkataba wa pamoja na isainiwe kabla hamjapiga kura ya jengo.